Vidole vya Miguu vya Malkia

Ilianza siku ya Alhamisi, wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwenye bwalo la shule yetu hapa Kakamega. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho ile saa ya ukutani iliyo juu ya dirisha la jikoni, nikiomba ifike saa kumi na moja kabla jina langu halijaitwa. Haikufika.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Nimestaafu wiki jana nikiwa kidato cha nne, na miaka yangu ni kumi na minane kasoro miezi miwili. Mwalimu Wafula, mlezi wa chama chetu cha maigizo, amesema watahiniwa wote waache jukwaa washike vitabu. Mimi amenipa na daftari hili juu yake, niwaandikie nyinyi mnaobaki, wa kidato cha tatu na gredi ya kumi, mambo ya kiti changu. "Andika kama watu wazima wanavyoandika wakitoka kazini," akasema. Sasa watu wazima, kama baba yangu mdogo kule Musanda aliyestaafu kiwandani, wakitoka kazini hueleza walianza na cheo gani wakaishia na kipi. Mimi nilianza nikiwa mkumbushaji na nimemaliza nikiwa mkumbushaji. Hapo nimemaliza habari za vyeo. Yaliyobaki ndiyo matamu, na nina hamu nayo mpaka mwandiko unakimbia. Mtanivumilia.

Mkumbushaji hukaa nyuma ya pazia na mswada mkononi. Mwigizaji akisahau maneno, wewe unamtupia. Hakuna anayekuona, na ukifanya kazi vizuri hakuna anayejua ulikuwepo. Kazi hiyo niliipata kwa aibu. Jina langu lilipoitwa siku hiyo nilisimama mbele ya wasichana arobaini, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kama mlango wa kabati la zamani. Juu ya meza alikuwa amekaa msichana mrefu wa darasa letu, anatafuna njugu. Anaitwa Nekesa, wa Likuyani, na tangu utotoni hajawahi kusema kitu kwa sauti ya chini.

"Mwalimu," akasema, "huyu mpee penseli aandike tu. Kuongea haiwezekani."

Bwalo zima likacheka. Mwalimu Wafula si mtu mbaya, ila hana subira. Akanipa mswada, akanipa na penseli kweli. Tangu siku hiyo jina langu ni Penseli. Hata matroni ananiita hivyo, na sidhani kama analijua lile lingine.

Dakika kumi baadaye, kupitia mlango wa jikoni, akaingia mama mfupi wa makamo, amevaa gambuti, mkononi ana trei mbili za mayai. Tulijua ni wa mayai. Lakini Mwalimu Wafula alisimama wima kama mtu aliyeona bendera. Akatuambia huyu alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Kwamba yeye mwenyewe Wafula, akiwa mwanafunzi, alimwona akicheza malkia kwenye ukumbi wa shule yao, na hajasahau mpaka leo. Mama huyu na kikundi chao walizunguka shule za huku kwetu miaka na miaka wakicheza tanzia, zile za kale za wafalme na viapo na vifo. Yeye alikuwa akipewa malkia, kila mara malkia. Sasa amestaafu, anafuga kuku Mukumu. Jina lake ni Rasoa. Sisi tulimwita Senje, kama tunavyomwita nyumbani dada ya baba, na hakutukataza.

Mwaka huo tulikuwa na tanzia moja ya zamani sana, ya nchi za mbali, ambayo Mwalimu Wafula alikuwa ameitia Kiswahili yeye mwenyewe. Malkia anamtuma mwanawe vitani kwa sababu ya kiapo, na asubuhi ya kuondoka anamfunga mkanda kiunoni kwa mkono wake. Kisha mjumbe anarudi na mkanda peke yake. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Dada mmoja wa kidato cha nne akatuonyesha jinsi malkia anavyopokea mkanda. Alishika kipaji cha uso kwa nyuma ya mkono, akapiga ukemi, akazunguka mara moja, akaanguka. Tulipiga makofi. Alijua kuanguka yule dada, hakuumia popote.

Senje aliweka mayai mezani.

"Mlioona mtu akifiwa, nyosheni mkono."

Tulinyosha karibu sote.

"Nani aliona akishika uso hivi?"

Mikono ikashuka.

"Nani aliona akizunguka?"

"Senje," akasema Nekesa, ambaye hakuwa ameulizwa, "lakini hii ni maigizo. Watu wa nyuma wataonaje?"

"Mukhana," akamjibu, yaani msichana, "watu wa nyuma walifiwanga pia."

Kisha akavua gambuti. Akasimama miguu mitupu kwenye sakafu ya bwalo, ile ya saruji yenye makombo ya ugali, akamwambia yule dada amletee mkanda. Akaupokea. Akafungua mdomo.

Sikusikia kitu. Ngoja, nieleze vizuri. Mdomo ulifunguka kama wa mtu anayetaka kupiga kilio cha matanga, kile kinachosikika ng'ambo ya mto, na kifua kilijaa pumzi, na sauti haikutoka. Ilibaki mlangoni. Tulikaa tukiingoja.  Mpishi alitoka jikoni na mwiko wake kuangalia kwa nini wasichana arobaini wamenyamaza, naye akanyamaza. Halafu Senje akaugeuza mkanda mkononi, akasema polepole, kama mtu anayeuliza kitu kilichopotea nyumbani: "Mkanda huu niliufunga kwa mkono wangu. Nani ameufungua?"

Yule dada wa kidato cha nne alilia machozi ya kweli. Mimi nilijishika mdomo, maana nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na pale hapakuwa mahali pake. Sikujua kwamba kimya kinaweza kufanya hivyo. Mimi nilikuwa na kimya kingi sana, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kinaweza kutumika.

Mambo ya kazi yenyewe sasa. Penseli ifungwe kwa uzi kwenye mswada, la sivyo itabingirika mpaka jukwaani, na itachagua wakati wa maombi. Usivae viatu nyuma ya pazia, vinalia. Usivae shati jeupe, linaonekana kwenye mwanya. Kwenye sanduku la mavazi kuna dera jeusi, ni la mkumbushaji, msiwaachie wachawi wa mchezo mwingine. Kaa upande wa sikio zuri la malkia. (Nekesa ni la kulia. La kushoto aliharibiwa na mtoto wa jirani kwa punje ya hindi.) Na usinong'one. Mnong'ono una mapumzi mengi, husikika mpaka mlangoni. Sema kwa sauti yako ya kawaida lakini chini, kama unavyomwambia jirani kanisani kwamba sidiria yake inaonekana.

Senje alinifundisha alama tatu tu. Kistari ni pumzi. Mstari chini ya neno ni neno ambalo mwigizaji hulikimbia. Duara ni kimya, na ndani ya duara unaandika hesabu. Duara la mkanda lilikuwa na saba.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Kidato cha pili tuliurudia mchezo ule ule, na Nekesa alipewa malkia, kwa urefu na kwa sauti. Senje alimfanyisha mazoezi ya kile kimya mwezi mzima. Alimpa cha kuangalia kwa kila hesabu: mjumbe, mkanda, kifungo cha mkanda, asubuhi ile alipoufunga, na kadhalika mpaka saba, ambayo ni pumzi. Nekesa alikishika vizuri ajabu. Kwenye tamasha la kaunti ndogo ukumbi ulikuwa umejaa, shule tisa, watoto wamekaa mpaka kwenye madirisha. Mjumbe akaleta mkanda. Nekesa akafungua mdomo. Moja. Mbili. Tatu.

Naapa ilikuwa ndefu. Bwaloni saba ni saba, lakini mbele ya watu saba ni kama kungoja matokeo. Nilimtazama, macho yake yalikuwa yameenda mbali, nikajiambia, amesahau, Nekesa amesahau na mimi niko hapa nimekaa kama gunia. Ilipofika nne nikamtupia. Kwa woga, nikamtupia kwa nguvu.

"Mkanda huu niliufunga kwa mkono wangu!"

Sauti yangu, ambayo haijawahi kusikika safu ya pili darasani, siku hiyo ilifika ukuta wa nyuma. Mvulana mmoja wa shule nyingine akajibu kutoka dirishani, "Sema tena, mama, hatujasikia vizuri!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nekesa alibaki amesimama na mdomo wazi, na sasa ule mdomo ulikuwa kichekesho. Alimaliza mchezo. Hatukupita.

Kwenye basi alikaa mbele, mimi nyuma. Tulipoteremka akanijia.

"Sikuwa nimesahau."

"Najua."

"Ulijua lini, Penseli? Nilikuwa nimewashika. Manze, nilikuwa nimewashika wote hapa," akafunga ngumi mbele ya uso wangu, "na ukanifungulia mkono."

Hakunisemesha wiki tatu. Kwa Nekesa wiki tatu bila kusema ni ugonjwa. Nilimpelekea Mwalimu Wafula mswada na penseli nikamwambia natoka. Akaniambia mswada ni wa Senje, nikaurudishe kwake.

Kwa hiyo Jumamosi nikaomba ruhusa nikaenda Mukumu, si mbali na shule. Nilifika kwenye geti lake la mabati nikasimama. Kugonga ningegonga, lakini baada ya kugonga lazima uitikie ukiulizwa nani. Nilisimama pale mpaka bata mzinga wake akaniona akaanza kelele, na Senje akatoka kumnyamazisha. Miaka miwili iliyofuata niliingia kwake hivyo hivyo. Bata mzinga alikuwa ndiye hodi yangu.

Hakupokea mswada. Alinipa kikapu cha mahindi tupukuchue. Tulikaa kwenye kizingiti, ndipo akaniambia habari ya kile kimya kilitoka wapi. Mpaka leo nikiikumbuka nataka kuruka.

Alipokuwa msichana kwenye kikundi chao, malkia wote walipiga ukemi. Ndivyo kiongozi wao alivyotaka, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye picha za wazungu. Naye Senje alipiga, na alisifiwa. Siku moja wakacheza mchana kwenye ukumbi wa karibu na kwao. Mkanda ukaja, akapiga kilio, akasikia viti vinasogea. Kina mama wazee walikuwa wameinuka, safu nzima, wanatoka. Mama yake mzazi alikuwa mbele yao.

"Nilimkuta nje amekasirika. Akaniambia, 'Rasoa, huyo unayemlilia ni nani? Kilio cha matanga hakichezewi. Ukililia mahali hakuna maiti, unaita kifo.' Nikamwambia, 'Mama, ni mchezo.' Akasema, 'Kifo hakijui mchezo.'"

"Ukafanya nini, Senje?"

"Kesho yake tulikuwa na mchezo ule ule, shule nyingine. Mkanda ukaja. Nikavuta pumzi kama kawaida, nikamkumbuka mama, kilio kikakatalia mdomoni. Sikupanga. Nilisimama pale nikiwa nimefungua mdomo kama samaki, nikasema leo nimekwisha. Halafu nikasikia ukumbi." Akatupa gunzi. "Mukhana, ukumbi ulikuwa unanililia. Wao ndio walikuwa wanalia ndani yao, kila mtu maiti wake. Mimi sikuwa na haja."

Tangu hapo hakupiga ukemi tena, na waliomwona wakaiga, na wanafunzi wao wakaiga. Nimeenda tamasha nne na nimehesabu. Malkia yeyote wa huku kwetu mkimwona anafungua mdomo bila sauti, na miguu haina viatu, ameiba kwa Senje au ameiba kwa aliyeiba. Yeye mwenyewe akiwaona hutikisa kichwa. "Wanachukua mdomo," husema, "pumzi wanaiacha."

Kisha akaniuliza nilijuaje Nekesa amesahau.

"Macho, Senje. Yalienda mbali."

"Macho yanadanganyanga. Macho yamesoma. Angalia vidole vya miguu."

Kwa nini mnadhani malkia wake hawavai viatu? Aliyesahau, vidole vyake vya miguu hujikunja, vinatafuta neno sakafuni. Aliye ndani ya kimya, vidole hulegea, maana ana mahali pa kusimama. Alinisimamisha uani, akaniuliza vitu ninavyovijua na nisivyovijua, na mimi nikitazama miguu yangu mwenyewe. Ni kweli! Mji mkuu wa nchi fulani, sijui, vidole hivyo vinakunjana kama funza. Siku hiyo nilikula kwake obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya mrenda na nikarudi shuleni na mswada wangu kwapani. Jumapili kanisani nilitazama vidole vya wasomaji wote waliovaa ndala. Mmoja alikuwa amepotea mstari kabla hajajua mwenyewe.

Nekesa alinisamehe kwa njia yake, yaani alinirushia mkate bwaloni nikaudaka. Kidato cha tatu Mwalimu Wafula alituletea vichekesho. Sitaandika juu ya vichekesho.

Mwaka huu Nekesa akamwendea mwenyewe. "Mwalimu, turudie ile ya mkanda. Kuna kitu hatukumaliza pale." Hakunitazama akisema, lakini nilijua "tu" ile ilikuwa na mimi ndani. Nikanoa penseli, nikafunga uzi mpya. Nilijiapiza kwamba duara lile mwaka huu sitaligusa. Hata likienda ishirini.

Tulipita kaunti ndogo, kimya chote saba, safi. Halafu, wiki mbili kabla ya tamasha la kaunti, nyanyake Nekesa akafariki, yule aliyemlea, aliyemwita Kukhu. Shule ilituma wachache wetu mazishini Likuyani. Nilimwona Nekesa akishuka kwenye gari, anatembea kuelekea nyumbani kwao, mrefu vile, na mwili unaanza kumkunjika kiunoni. Kabla hajafika mlangoni wanawake wawili walimjia, mmoja akamzungushia leso kiunoni, akaikaza, akafunga fundo.  Nekesa akasimama. Ndivyo inavyofanywa kwetu, ili kiuno kisikatike. Nimeona mara nyingi, lakini siku ile nilitazama miguu yake, nikaona vidole vikilegea fundo lilipokaza.

Alirudi shuleni Jumatatu. Mwalimu Wafula akamwambia mwingine anaweza kushika nafasi. Nekesa akakataa. "Kukhu alisema atakuja kuniona. Si nicheze tu."

Siku ya tamasha ilikuwa Ijumaa. Senje alikuja, akapita nyuma ya pazia kabla hatujaanza, akaona kreti ya soda ninayokaliaga. "Hiyo inauma," akasema, akavua leso aliyojifunga juu ya gauni, akaikunja mara nne, akaniwekea. Akaenda kukaa safu ya tatu.

Mchezo ulikwenda vizuri, kwa kweli ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa na raha mpaka nikawa nasahau kusogeza penseli. Mkanda ukaja. Nekesa akaupokea, akafungua mdomo, na ukumbi ukaenda naye. Moja, mbili, tatu. Nne ikapita, ile nne yangu, nikaiacha ipite. Saba.

Nane.

Nikatazama miguu. Vidole vilikuwa vimejikunja mpaka vimekuwa vyeupe.

Nikamtupia, chini, vizuri, kwenye sikio la kulia: "Mkanda huu niliufunga." Hakusikia. Nikarudia. Tisa, kumi. Kifua chake kilianza kupanda, nikaelewa kwamba hakuwa amesahau maneno tu. Alikuwa amesahau kwamba ni mchezo. Pale mbele hapakuwa na mjumbe wala mkanda, alikuwa Likuyani. Kile kilio kilikuwa njiani, cha kweli, na kikitoka hakingerudi. Angeanguka mbele ya watu wote wale, na wangepiga makofi wakidhani ni uigizaji. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kupaza sauti nisingeweza. Niliwahi kupaza.

Wanangu, sijui niliinukaje. Nilivuta leso niliyoikalia, ikiwa bado na joto, nikapita kwenye mwanya wa pazia.

Taa za jukwaani ni kali, hakuna aliyewahi kuniambia. Sikuona mtu hata mmoja, nilisikia tu pumzi za watu wengi sana. Nilitembea na dera langu jeusi mpaka nyuma ya malkia, nikamzungushia leso kiunoni, nikaikaza kwa nguvu zangu zote, nikafunga fundo. Nikamwambia sikioni, "Nekesa, ni mimi, Penseli. Nimekushika." Kisha nikampa mstari wake.

Nikatazama chini. Kidole gumba kikafunguka kwanza. Halafu vingine.

"Mkanda huu," akasema Nekesa, na ilikuwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "niliufunga kwa mkono wangu. Nani ameufungua?"

Sikujua jinsi ya kutoka. Malkia alikuwa ameushika mkono wangu na hakuuachilia mpaka mwisho. Kwa hiyo dakika kumi na moja za mwisho za kazi yangu nilizifanya jukwaani, nikiwa sina la kusema, mbele ya kaunti nzima, na sikufa. Kila nikidhani nitakufa nilikuwa nahesabu vidole vyake, kumi, vyote viko sawa.

Tulikuwa wa pili, na anayeendelea mbele ni wa kwanza. Nekesa alipata cheti cha mwigizaji bora wa kike. Tulipata na cheti cha mavazi, kwa ajili ya leso. Jaji mmoja akasema yule mtumishi wa malkia ni uigizaji wa hali ya juu, lakini jina lake haliko kwenye orodha, na soksi zake za shule zilimsumbua. Nilikuwa nimevua viatu kama kazi inavyotaka. Soksi nilisahau. Nyinyi vueni na soksi.

Kwenye basi Nekesa alikuja nyuma akakaa nami. Tulipofika hospitali ya misheni akanishika mkono.

"Penseli."

"Naam."

"Mikono yako ni baridi kama chura."

Akalala begani mwangu mpaka shuleni.

 Kule ukumbini watu walikuwa wamemzunguka Senje, Mwalimu Wafula alikuwa anafuta machozi kwa ratiba, na yeye alikuwa anakunywa soda yake. Alipokuwa anaondoka ndipo aliponigeukia. "Leso yangu niletewe kesho," akasema.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya kengele nikaifua. Nilipewa ruhusa saa tatu, ikiwa bado haijakauka vizuri kwenye pindo. Nilifika kwenye geti la mabati. Bata mzinga alikuwa upande wa pili wa ua, hakuwa ameniona. Nilisimama kidogo, mazoea. Kisha nikajaza kifua.

"Hodi, Senje! Ni mimi! Nimeleta leso!"

Kuku waliruka. Mbwa wa jirani akabweka. Ndani ya geti hapakuwa na jibu.

Nikainama. Chini ya mabati kuna nafasi ya kama shubiri, na pale, kwenye vumbi, karibu kabisa, niliona miguu yake. Haikuwa na gambuti. Alikuwa amesimama nyuma ya geti, mkono najua uko kwenye komeo.

Vidole vilikuwa vimelegea.

Sikumharakisha. Nilikumbatia leso, nikahesabu, na ilipofika saba geti likafunguka.